Joho la Kutajia

“Lango lipo au halipo?” Sikudhani aliuliza kwa mara ya tatu, mikono kiunoni.

“Lipo, mama,” alisema Msimamizi.

“Limekamilika au bado?”

“Limekamilika. Hata mimi nimelipapasa. Chuma kizuri.”

“Basi kwa nini halifungi?”

“Halijatajwa.”

“Na mto? Mto wenu umetajwa?”

Watu waliojaa ukumbini walicheka, kisha kicheko kikawakauka. Dirishani maji yalionekana yamefika ngazi ya tatu ya soko, na asubuhi yalikuwa bado yanailamba ya kwanza.

“Usitufanyie mzaha, mgeni,” alisema Bi Tunu kutoka benchi la kushoto. “Hapa kuna sheria.”

“Sheria yenu inajua kuogelea?”

Huyu Sikudhani alikuwa fundi wa maji. Alikuwa na stashahada ya chuo, watoto wanne, na tabia ya kuuliza swali mara tatu kabla hajapandisha sauti. Nchi ya Tajwa ilimwita kwa barua yenye mihuri sita aijengee lango kwenye mdomo wa mfereji unaoingia mtaa wa Bondeni, ili mto ukifura ugeuziwe mbugani. Alipanga kwa Bi Mashavu, mjane wa Bondeni mwenye mdomo mwepesi na mkono mzuri wa kupika, na kwa miezi minne alijenga. Lango lilisimama. Alilitia grisi, akakaza kila nati kwa mkono wake. Siku ya kulijaribu, wanaume wanne wenye vifua kama mbao za mlango walishika gurudumu, wakasukuma mpaka mishipa ya shingo ikawatoka, na gurudumu halikusogea hata unywele. Sikudhani alidhani kokoto imenasa kwenye meno. Aliinama atazame, ndipo chuma chenyewe kilipotoa sauti, sauti ya adabu kama ya mtoto aliyelelewa vizuri:

“Samahani. Sijulikani.”

Alirudi nyuma hatua mbili, akasema bismillahi.

Mtu akitaka kuielewa Tajwa, aanze na Kitabu. Kimelazwa katika Nyumba ya Majina, kikubwa kama kitanda cha watu wawili, na hakuna anayeandika ndani yake kwa kalamu. Jina likitamkwa mbele yake kwa namna ipasayo, hujiandika. Kuanzia hapo nchi nzima inalijua. Kisichokuwamo, hata kiwe kikubwa kama mlima, hakifanyi kazi, kwa sababu kila kitu cha nchi ile, kuanzia komeo la mlango hadi mashine ya kusaga, kabla ya kujongea hukiuliza Kitabu kwanza: je, ninajulikana?

Kusikia ni jambo moja. Wiki yake ya pili Sikudhani aliona kwa macho yake. Mwezekaji mmoja alianguka kutoka paani, mguu ukageukia nyuma. Mkewe hakukimbia popote. Alipiga magoti akasema tu, “Mkono wa Mifupa,” na hewa ikawa nzito, kama jua linapopitiwa na wingu, na mfupa ukatembea chini ya ngozi ukarudi mahali pake bila mtu kuugusa. Dakika ile ile mwezekaji akaanza kulalamika njaa.

Mwenye mkono huo, Mzee Hango, aliishi upande wa pili wa mji. Sikudhani alikwenda kumtazama. Alimkuta amelala mkekani, kinywa wazi, na vidole vyake vinachezacheza usingizini kama vya mpiga zeze.

“Saa hii anaunga watu kumi na mmoja,” binti yake alinong'ona huku akimfukuzia inzi. “Msimu wa kuezeka huwa hadi arobaini.”

Sikudhani alisimama mlangoni pale kupita kiasi cha adabu. Alikuwa amesoma, na mitambo alikuwa ameiona mingi, lakini hajapata kuona ujuzi wa mtu mmoja ukawa wa watu wote bila mwenyewe kupungukiwa na kitu.  Aliporudi kwa Bi Mashavu chakula hakikushuka.

“Kwenu mtu akivunjika mnafanyaje?” Bi Mashavu alimuuliza.

“Tunatafuta gari.”

“Gari linaunga mifupa?”

“Halijui. Linatupeleka tukapange foleni.”

“Maskini,” alisema Bi Mashavu, kwa huruma ya kweli kabisa.

Basi lango lilipokataa, Sikudhani alimwendea Msimamizi wa Kitabu, Bwana Shekivuli, mtu mpole, mwenye mke na mabinti watatu, akamkokota hadi Nyumba ya Majina. Shekivuli alisimama mbele ya Kitabu, akatamka kwa sauti safi, “Lango la Mto.”

“Huna idhini,” Kitabu kikajibu.

“Si wewe ndiye Msimamizi?” Sikudhani alimgeukia.

“Ndimi.”

“Hakikujui?”

“Kinanijua sana. Nilipoingia kimenisalimu kwa jina.”

“Sasa?”

“Sijavaa.”

“Lakini mtu ni yuleyule!”

“Mtu ni yuleyule, mama. Ila hajavaa.”

Joho lenyewe lilitundikwa nyuma ya Kitabu, ndani ya kabati la vioo lenye kufuli: rangi ya kijani iliyokoza, vifungo vitano. Anayelivaa huulizwa na Nyumba swali moja: “Wewe unayetaka kuigusa nchi nzima, je, unaruhusu?” Akishasema ndiyo, kila atakachotamka hadi atakapolivua hutajika.

Hicho “kila” ndicho kilichowaponza. Msimamizi aliyemtangulia Shekivuli, Bwana Mzuzuri, alichoshwa na kuulizwa swali lilelile kila siku. Akasema ndiyo mara moja, akakaa na joho miaka kumi na miwili. Alikula nalo, alilala nalo, na inasemekana alioga nalo. Siku moja alipiga chafya, akasema “chafya hii!”, na chafya ikatajwa, hadi leo ukilitamka neno hilo Tajwa, mtaa mzima unapiga. Usiku mwingine aliota mbuzi anapiga ngoma, akaweweseka. Tangu hapo mtu akisema mbuzi, ngoma hulia juu ya paa lake, kwa hiyo wachinjaji wa kule husema “yule mwenye ndevu”. Hayo watu waliyazoea. Lakini wajanja walijifunza kuketi naye wakati wa chakula. Walimwambia neno, naye akalirudia akitafuna, bila kuuliza ni neno gani. Ndivyo ulivyotajwa Mlango Usiofungwa. Kwa miezi saba mwizi yeyote aliyeuita mlango ule alijikuta yuko sebuleni kwa mtu. Kaka yake Bi Tunu aliuawa kitandani kwake. Mzuzuri alilazimishwa na umati kuufuta mlango huo, akaufuta, na muda si mrefu akafa joho likiwa mwilini. Waosha maiti ndio waliomvua.

Hapo ikapitishwa sheria, ikachongwa juu ya mlango wa ukumbi: Joho lifungiwe. Atakayelivaa, jina lake lifutwe.

Anayefutwa hafi. Anaishi. Ila mlango wake haumfungukii, sauti yake haisikiki, na mkewe akimtazama anaona ukuta.

Miaka mitatu ilikuwa imepita na hakuna kilichotajwa. Daraja jipya la kusini liliota nyasi. Mkunga aliyefuzu kwa sifa zote aliingia kwa mzazi akatoa maagizo, na hakuna aliyegeuza kichwa, maana ukunga wake haukuwa umetajwa. Watajwa, badala ya kutafuta dawa, walitafuta pande. Wavaaji walidai joho livaliwe na lisivuliwe tena, maana nchi imekwama. Wavuaji walidai lisivaliwe kamwe, maana nchi imeshaumia. Kila upande ulikuwa na wimbo wake na kilemba chake, na kulikuwa na mashemeji ambao hawakuwa wakisalimiana. Ukumbini kulikuwa na benchi la Wavaaji kulia na la Wavuaji kushoto. Benchi la tatu halikuwepo, ndiyo maana Sikudhani alikuwa amesimama tangu asubuhi na miguu ilikuwa inamuuma.

“Narudia,” alisema Bwana Chabanga, kiongozi wa Wavaaji, kwa sauti ya mnadi samaki. “Shekivuli avae leo na asivue! Tutaje lango, tutaje daraja, tutaje kila kinachopita!”

“Kama Mlango Usiofungwa ulivyopita?” Bi Tunu alimjibu.

“Hayo ya zamani.”

“Zamani yako ni kaburi langu, Chabanga.”

“Basi tuzame kwa heshima! Wavuaji bwana, mtakufa mmevua!”

“Afadhali kuliko kuoga na nguo kama mzee wenu!”

Vilemba vilianza kurushwa. Wakati huo mlango ulifunguka kwa kishindo, Bi Mashavu akaingia, ametota hadi kiunoni.

“Nimempandisha mama mkwe wangu juu ya meza,” alisema, akihema. “Mnamjua, hasimami. Nina meza moja. Baada ya meza ni dari, na dari yangu ni ya makuti. Naomba mniambie, waheshimiwa, mnabishania nini nimpelekee salamu.”

 Nje maji yalipanda ngazi ya nne, kimyakimya, kama paka.

Shekivuli alikuwa ameinamisha kichwa. “Bi Mashavu,” alisema, “nikivaa ninafutwa. Binti yangu mdogo ana miaka sita. Jana amenifundisha wimbo. Nikifutwa, ataimba peke yake na mimi nimeketi pale pale.”

Bi Mashavu alikamua maji ya kanga yake. 

Sikudhani ndiye aliyeuliza.

“Atafutwa na nani?”

“Na sheria,” alisema Bi Tunu.

“Sheria haina mdomo, dada. Kufuta jina kunafanywaje?”

“Hutamkwa mbele ya Kitabu. Futa, kisha jina.”

“Anatamka nani?”

“Msimamizi mwingine atakayeteuliwa.”

“Akiwa amevaa nini?”

Bi Tunu alipapasa uzi mweusi shingoni mwake, wenye ufunguo wa kabati aliokabidhiwa sheria ilipopita.  Mwishoni mwa benchi la kulia mzee mmoja alianza kukunja vidole, huyu amfute yule, na huyu naye afutwe na mwingine; alipofika kidole cha nne akaacha, akakificha kiganja chini ya shuka.

“Miaka mitatu,” alisema Sikudhani, “mnaogopa adhabu ambayo hakuna anayeweza kuitoa bila naye kuistahili. Mmelindwa na mbwa wa kuchora.”

“Umeshinda kwa maneno,” alisema Bi Tunu. Sauti yake ilikuwa imeshuka. “Sawa. Hakuna wa kumfuta. Je, nani wa kumvua? Wewe hukumwona kaka yangu.”

“Sikumwona. Pole sana.”

“Aliitwa Sefu Kagwa. Alikuwa anakoroma mno, ndivyo walivyomjua yuko chumba gani. Nikiliona joho lile, nasikia kukoroma.”

Sikudhani alimkaribia, akachuchumaa mbele ya benchi ili wazungumze wakitazamana usoni.

“Kwangu nina kisu cha nyama,” alisema. “Kimenikata mara mbili, tazama hapa. Sikukitupa, maana watoto wanakula. Wala sikulala nacho mkononi. Nakata, naosha, nakirudisha juu wasikokifikia. Ninyi humu mmegawanyika: hawa wanataka kulala na kisu, nyinyi mnataka watoto wale nyama nzima. Hakuna mwanamke humu anayepika?”

Mtu mmoja upande wa Wavaaji alicheka puani. Mkewe, aliyekuwa upande wa Wavuaji, alimkata jicho.

“Avae,” Sikudhani aliendelea. “Ataje kitu kimoja. Avue. Na wewe usimame nyuma yake, ushike ukosi. Akichelewa, vuta.”

Bi Tunu alimtazama Shekivuli. Kisha akapeleka mkono kifuani, akatoa ufunguo kwenye uzi mweusi, akainuka. Wavuaji wenzake walimwita kwa jina. Hakugeuka.

Wote waliingia Nyumba ya Majina nyuma yake. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, likalia kama mtu aliyeamshwa. Joho lilipotoka kabatini halikunuka vumbi wala uzee. Lilinuka mvua inayoanza. Shekivuli alipitisha mkono mmoja, akasita, akapitisha wa pili. Bi Tunu alishika ukosi kwa mikono miwili.

“Sikiliza,” Sikudhani alimnong'oneza Shekivuli. “Ukiulizwa, usiseme ndiyo kama mtu anayefukuza inzi. Uliza kwanza unaruhusu nini.”

“Hakuna aliyewahi kuuliza.”

“Najua. Inaonekana.”

Shekivuli alifunga vifungo vitano, na kila kifungo kilipoingia kwenye tundu lake, chumba kilionekana kuongezeka kimo. Kisha sauti ikaja kutoka kwenye kuta, kutoka sakafuni, kutoka kwenye meno ya waliohudhuria.

“Wewe unayetaka kuigusa nchi nzima, je, unaruhusu?”

Shekivuli aliuliza, “Ninaruhusu nini?”

Nyumba ikanyamaza. Ilinyamaza kwa namna ambayo watu walianza kutazamana, maana kwa miaka mia kadhaa ilikuwa imeuliza swali lile na kujibiwa kwa neno moja, na huenda haikutegemea tena kusikilizwa. Iliposema tena, ilisema taratibu, karibu kwa shukrani.

“Lango. Limetengenezwa na Sikudhani binti Mwaruka. Litafunga mfereji wa Bondeni likiambiwa funga. Litafungua likiambiwa fungua. Halina jambo jingine ndani yake.”

Sikudhani hakuwa mtu wa machozi. Lakini kusikia kazi ya mikono yake ikisemwa na kuta, bila kuongezwa chumvi na bila kupunguzwa, kulimgonga mahali ambapo stashahada haikuwahi kufika. 

“Ndiyo,” alisema Shekivuli. Na baada ya pumzi moja, “Lango la Mto.”

Ukurasa wa Kitabu ulijifunua. Wino ulipanda kutoka chini ya karatasi kama maji yapandavyo kisimani, herufi baada ya herufi.

“Limetajwa,” kikasema Kitabu.

Na wote wakalijua. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na Sikudhani baadaye alishindwa kueleza zaidi ya hapo. Mzee aliyehesabu vidole, Chabanga, mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake, wote mara moja walilijua lango kama mtu anavyojua mlango wa chumba chake gizani: uzito wake, mlio wake, upande linakofungukia. Yeye mwenyewe, aliyelijenga, alihisi kwamba hadi dakika ile alikuwa anafahamiana nalo kwa mbali tu.

Bi Mashavu alikwisha kufika dirishani. Hakusubiri kuitwa.

“Lango la Mto!” alipaza sauti. “Funga!”

Kule mbali, kwenye mdomo wa mfereji, gurudumu ambalo wanaume wanne hawakuliweza lilizunguka lenyewe bila haraka. Mabamba mawili ya chuma yalikutana. Mlio wake uliwafikia nyuma ya macho, mzito, wa chini, kama kengele iliyofunikwa blanketi. Maji yalisimama. Yalisitasita, yakajikunja, kisha mto mzima, na matope yake na matawi yake na paa la banda la mtu, ukageuka kwa utii ukaelekea mbugani, na yangeyange maelfu waliokuwa kwenye nyasi wakaruka kwa pamoja, weupe, hadi dirisha lote likawa jeupe.

 Wavaaji na Wavuaji walikuwa wamesimama wamechanganyika, na hakuna aliyekumbuka upande wake.

Chabanga ndiye aliyezinduka kwanza. Alimsogelea Shekivuli, macho yakimng'aa, akasema kwa upole ambao hakuna aliyejua anao.

“Bwana Msimamizi, umeona? Usivue. Daraja liko pale linasubiri. Yule mkunga yuko hapa hapa nyuma, msichana wa watu. Maneno mawili tu. Utasema kesho, lakini kwa nini tungoje kesho? Umekwisha kuvaa! Jambo jema lina ubaya gani?”

Na halikuwa jambo baya. Huo ndio ulikuwa ugumu wake. Shekivuli alitazama viganja vyake ndani ya mikono ya kijani. Kila mtu aliona midomo yake ikitengana, ikitafuta jibu. Mikono ya Bi Tunu ilikaza ukosi, lakini haikuvuta.  Sikudhani ya kusema alikwisha kuyasema, na mtu mzima hasukumwi mara mbili.

Shekivuli akaifumba midomo.

Alifungua kifungo cha kwanza, kisha cha pili, kisha vilivyobaki, polepole, kama mtu anayemvua nguo mtoto aliyelala. Alilitoa joho, akalikunja mara mbili, akamwekea Bi Tunu mikononi. Bi Tunu alilitundika, akafunga kabati, akazungusha ufunguo. Ndipo Shekivuli, akiwa amebaki na shati lake la jasho, alipomgeukia Chabanga na kumjibu.

“Kesho, bwana. Mlete mkunga asubuhi, aniambie mwenyewe anafanya kazi gani. Daraja baadaye, kivyake.”